Jina Lililosomwa Redioni

Ndugu zangu, kulikuwa na nchi moja iliyoingia vita vya wenyewe kwa wenyewe, kusini na kaskazini, watu wa lugha moja wakachinjana. Mwaka wa nne, kamanda mmoja wa kusini alipewa kilima kinacholinda daraja la pekee la kuingilia kaskazini. Akakishika siku tatu, akiwazika askari wake kwa mikono yake. Siku ya nne kamanda mwenzake akafika na kikosi kipya, wakampiga adui pamoja, adui akatimua mbio.

Adhuhuri redio ikatangaza ushindi. Jina lililotajwa ni moja tu: la yule aliyekuja siku ya nne!

Mnaujua wivu? Unamla mtu kama mchwa alavyo boriti: kwa nje nzima, ndani unga mtupu.

Alasiri akaja mjumbe. "Afande, mwenzako anasema adui hana risasi. Mkivuka leo pamoja, vita vimekwisha. Anakungoja."

"Ananingoja mimi? Shujaa wa redioni ana shida gani nami?"

"Peke yake hatoshi, afande."

"Mwambie watu wangu wamechoka. Tutavuka kesho kutwa."

Wamechoka wapi! Walikuwa wamekaa na buti miguuni, wakisubiri amri.

Mwenzake akavuka peke yake, akauawa ng'ambo. Adui akapata nafasi ya kujipanga upya. Vita ambavyo vingekwisha jioni ile vikaendelea miaka mitano. Hesabuni wenyewe makaburi.

Amani ilipokuja, mtangazaji mmoja alimfuata kamanda nyumbani. "Nisamehe, mzee. Siku ile mwenzako alitutumia karatasi: 'Tangazeni kwamba kilima kimeokolewa na fulani.' Jina aliloandika ni lako. Mimi kwa haraka zangu nikasoma jina la aliyetia saini."



Na sisi je? Mwenzako wa kwaya anasifiwa, unasusa mazoezi. Ndugu yako anashukuriwa kwa msiba mliouhangaikia wote, unamnunia mwaka mzima. Pengine kweli umenyimwa haki yako, sikatai. Lakini umemuuliza? Au umesikia jina lake tu, ukajifungia na hasira zako huku kazi ya Mungu imelala?

Ukitoka hapa, mtafute. Mtafute angali hai.