Kamba ya Bi Thuraya

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na mji mdogo jangwani ukiitwa Nasira. Ulianza na kisima kimoja kirefu na desturi moja: kamba na ndoo haziondolewi kisimani, ili mpita njia asife kwa kiu huku akiyatazama maji. Kwa ajili hiyo misafara ikapita hapo. Pakasimama msikiti, soko, na tanuri tatu za mikate.

Kisha mvua zikakosekana miaka miwili. Mkubwa wa mji, Sheikh Mughira, akawaambia watu, "Kila mtu ateke, kisha aende na kamba yake nyumbani. Mgeni ana Mola wake."

Subhanallah! Kana kwamba wao hawakuwa naye.

Wakaridhia wote ila mjane mmoja msokota kamba, Bi Thuraya. Yeye akaiacha yake kisimani. Wakaikata, akasokota nyingine. Wakaikata nayo. Mughira akamwendea kwa hasira.

"Ukirudia, Bi Thuraya, hutateka nasi tena. Utakunywa nini?"

"Ndugu yangu, kisima hiki ulikichimba wewe?"

"La."

"Basi mimi nitarudia."

Akakatazwa maji. Akawa anakwenda nusu siku na punda wake kufuata maji ya chumvi bondeni, akarudi akasokota, wakakata. Alilia, lakini hakuacha.

Misafara ikafika, ikakuta kisima bila kamba, ikashika njia nyingine. Soko likafa, tanuri zikapoa, watu wakahama nyumba kwa nyumba. Wa mwisho kuondoka alikuwa Mughira. Siku ya pili ngamia wake akatoroka na kiriba cha maji na kamba. Akarudi Nasira kwa miguu, ulimi umekauka, akijua kwamba kisima hakifikiwi kwa mkono.

Akakuta kamba mpya inaning'inia, na ndoo. Akavuta. Maji yalikuwa tele.

Bi Thuraya akatoka na kipande cha mkate. "Karibu, mgeni," akasema. Mughira akaangua kilio.

"Nisamehe, dada yangu."

"Kunywa kwanza."

Mji ule haukurudi. Waliobaki ni hao wawili, wakisokota kamba mpaka Mola alipowachukua. Ndugu zangu, tunasema kila siku, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi kabla hujakata kamba ya mwenzio, jiulize wewe utarudi kwa njia gani.