Ukuta wa Muthengi

"Azuiaye yote huvuna tope." Methali hiyo mliisikia jana kwenye kikao cha ndugu wawili waliogombea shamba, mkacheka, mkataka kujua tope limeingiaje hapo. Aliyeliingiza ni Muthengi, mwashi wa Kyuluni, na mambo yalikuwa hivi.

Mto wa Kyuluni hupitisha maji siku chache tu za masika. Siku nyingine zote ni mchanga mtupu, na maji hujificha chini yake. Watu hufukua visima humo humo mtoni. Mwaka mmoja mchanga ulikuwa haba, visima vikakauka mapema, na Kavinya, mkewe Muthengi, akawa anafuata maji mwendo wa nusu siku. Siku moja alianguka njiani na mtungi wake, mimba ikaharibika.

Muthengi hakulia mbele za watu. Alianza kubeba mawe.

Alikusudia kuuziba mto kwa ukuta wa kimo cha mtu, ukingo hadi ukingo. Shangazi yake Syombua, mfinyanzi, akamwendea.

"Mwanangu, anza na wa kufika gotini. Maji yapite juu yake."

"Yapite? Shangazi, nimeshapoteza vya kutosha. Safari hii halipiti hata tone."

Syombua akaenda zake.

Masika yakaja, bwawa likajaa, vigelegele vikasikika. Lakini jua la kiangazi lililinywa lote. Muthengi hakutishika, aliamini maji yamejificha mchangani. Akafukua. Jembe likatoka na tope jeusi, laini, zito. Akafukua hadi kiunoni, asipate hata kata moja ya maji.

Akiwa humo shimoni, Syombua akatokea na kikapu.

"Umekuja kunicheka, Shangazi?"

"Nimekuja kuchukua udongo wa vyungu. Maisha yangu yote nauchota penye maji yaliyolala, kwa kuwa tope hutua pale maji yanapotulia. Mchanga ni mzito, huletwa na maji yenye mbio. Yaache yapite, yataondoka na tope yakuachie mchanga. Wewe uliyazuia yote, yakalala."

Muthengi akatoka shimoni, akapanda juu ya ukuta wake. Kisha akashika nyundo. Alibomoa siku tisa, Kavinya akipokea mawe, mpaka ukabaki wa kufika gotini.

Masika yaliyofuata mafuriko yaliupita ukuta kwa kishindo, yakazoa tope, na nguvu zilipopungua yakaacha mchanga safi hadi ukingoni mwa mawe. Akaongeza kimo cha goti. Masika mengine, goti jingine. Mwaka wa tatu, katikati ya kiangazi, Kavinya alifukua kwa viganja tu, kata ikajaa. Hata waliokaa upande wa chini wa mto hawakukaukiwa.

Wageni wakaanza kuja kujifunza kujenga. Walidhani Muthengi ataanza na mawe, lakini yeye aliwaketisha kwanza, akawaambia: azuiaye yote huvuna tope.