Kilemba cha Kengele

Waliokuwa na kazi ya kuzielekeza ndege asubuhi ile katika Uwanja wa Ndege wa Lukwale ni watu watatu, na ni haki kila mmoja atajwe kwa jina lake kamili, maana hadithi hii ni ya jina.

Wa kwanza ni Bibi Gaudensia Rwehumbiza, mwongoza ndege, aliyekaa juu kabisa penye vioo. Kipaji chake kilikuwa sauti. Rubani mwenye hofu, akimsikia akisema "Lukwale nakusikia," mikono humtulia.

Wa pili ni Bwana Asegelile Mwaipaja. Yeye alikaa na mashine ya kutafutia upande: rubani akisema neno redioni, mashine huonyesha sauti inatoka upande gani. Kipaji chake kilikuwa masikio. Pale wengine waliposikia mikwaruzo mitupu, yeye alisikia mtu.

Wa tatu ni Fundi Omari Selemani Chipande, mtunzaji wa mnara wa mwongozo. Mnara huo ulisimama peke yake ng'ambo ya njia ya kurukia, ukituma ishara usiku na mchana, na mshale ulio mbele ya rubani huuelekea kama ndama anavyomwelekea mamaye. Kipaji chake kilikuwa mikono. Mtambo uliowakataa wengine, yeye akiugusa huitika. Kifua chake tu ndicho kilichokuwa kibovu; masika yakiingia hukohoa mpaka yaishe.

Sasa, chumbani mwa Omari palikuwa na kengele. Mnara ukizimika, kengele hulia. Lakini wakati wa masika umeme ulichezacheza, na kengele ikalia hata pasipo na jambo, mpaka Gaudensia akapaza sauti kutoka ngazini: "Fundi! Kengele yako na rubani wangu, nimsikilize nani?"

Ndipo Omari alipoanza kuizungushia kitambaa. Wenyewe waliita huko kuivika kengele kilemba, huku wakicheka. Ila palikuwa na sharti: aliyeivika hukaa papo hapo, macho kwenye taa ndogo nyekundu inayowaka mnara ukizimika, wala habanduki.

Asubuhi hiyo mvua ilimwagika. Omari akaivika kengele kilemba, akaketi. Kifua kikambana. Akasema moyoni, chai ya tangawizi tu, kantini si mbali. Akatoka. Nyuma yake taa nyekundu ikawaka, na kengele, ndani ya kilemba chake, haikusema kitu.

Angani kulikuwa na ndege iliyojaa watu, na miongoni mwao Bi Eskolastika, mke wa Bwana Zakayo Mlelwa, mjamzito aliyekaribia siku zake. Mawingu yamefunika vilima vyote. Ghafla rubani akaona mshale wake unazunguka ovyo, na mafuta hayatoshi kwenda uwanja mwingine.

"Lukwale, sioni kitu! Mshale umekufa!"

"Nakusikia," akasema Gaudensia. "Usishuke. Zunguka hapo hapo ulipo. Nihesabie moja mpaka kumi, ukimaliza anza tena."

"Nihesabu nini, mama?"

"Hesabu tu, baba. Nataka sauti yako."

Rubani akahesabu, na sauti yake ikaacha kutetemeka. Bila Gaudensia, angeshuka kuitafuta ardhi, naye angeikuta vilimani.

Asegelile akaikamata sauti ile ndani ya ngurumo. Ikampotea kwenye nne, akaipata tena kwenye saba, akigeuza gurudumu la mashine taratibu. "Yuko kaskazini, nyuma ya vilima. Mgeuze kushoto. Bado. Bado kidogo. Hapo!" Bila yeye, maneno ya Gaudensia yangekuwa faraja tu kwa watu wanaokwenda kufa.

Naye Omari alimsikia mpishi wa kantini akiuliza, "Mbona ndege hiyo inanguruma juu yetu, haitui?" Kikombe kikamponyoka. Akakimbia akikatiza nyasini, mvua ikimpiga, mpaka mnarani. Mtambo mkuu ulikuwa umeungua. Akauamsha ule wa akiba kwa mikono yake, maji yakimchuruzika kutoka kwenye nywele. Kule angani mshale ukatulia, ukaonyesha njia. Bila yeye, wenzake wangeifikisha ndege Lukwale, lakini wasingeifikisha mlangoni pa njia.

Ndege ikatua salama. Omari akarudi chumbani akitweta, akakifungua kile kilemba, akakitia mfukoni. Mkubwa wa uwanja akasema mvua ndiyo iliyoharibu, akampa mkono mbele ya watu. Omari aliupokea mkono ule kama mtu anayepokea kaa la moto.

Siku chache baadaye akaja Bwana Mlelwa. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume, na kwao mtoto hatolewi nje kabla hajapata jina.

"Mtoto mmoja, nanyi watatu," akasema. "Nataka aitwe kwa jina la aliyemwokoa. Nani?"

"Mpe la Fundi," akasema Asegelile. "Sisi tulikaa vitini, yeye kalowa. Mwenyewe msikie anavyokohoa."

"Afadhali," akasema Gaudensia. "Hilo Asegelile, mtoto atachoka kabla hajalimaliza."

"Na lako je? Dume liitwe Gaudensia?"

"Akina Gaudensi wamejaa kwetu, usijitie hujui."

Wakacheka wote isipokuwa Omari. Mkono wake ulikuwa mfukoni. Tangu siku ile hakukitupa kile kitambaa, wala hakikutaka kukauka.

"Mimi sistahili," akasema.

"Acha unyenyekevu, Fundi."

"Si unyenyekevu." Akakitoa, akakiweka mezani. "Niliivika kengele kilemba, nikaenda kunywa chai."

Asegelile akasimama. "Watu wote wale, Omari! Kwa kikombe cha chai!"

Gaudensia akakitazama kitambaa. "Mimi ndiye niliyetaka kengele inyamaze," akasema polepole.

"Hukuniambia nitoke, dada. Nilitoka mwenyewe. Hiki mnachonivika ni kilemba cha ukoka."

Mlelwa akakigusa kitambaa kile kwa kidole. Kisha akasema, "Aliyemsukuma mwanangu kisimani na aliyezama kumtoa ni mtu mmoja. Nimwite nani?" Akachukua kofia yake, akaahidi kurudi Jumapili na jina.

Haya, wasikilizaji. Sauti ilimshika rubani asianguke. Masikio yalimtafuta alipopotea. Mikono ilimfungulia njia, na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imeifunga. Jina ni moja. Ungekuwa wewe Mlelwa, ungeamua vipi?

Kabla hujajibu, ujue na hili. Fundi Omari Selemani Chipande alifariki Jumamosi, kwa homa ya mapafu.