Kwa Nini Gugu la Singa Halina Mizizi

Mnanichosha, watoto. Nimesema nataka gugu la singa, mmeniletea majani ya bwawani yenye tope kwenye mizizi, halafu mnauliza tofauti ni nini. Nitasema mara moja. Asiyesikia atarudi majini mwenyewe.

Zamani gugu la singa halikuishi majini. Lilisimama nchi kavu, juu ya ukuta wa ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Jani lake lilikuwa pana, zima, na mizizi yake minene kuliko vidole vyangu hivi. Mimea yote ya ukutani ilipewa kazi moja: kuushika udongo, maji yasitoke mpaka mwenye zamu afungue.

Mwaka mmoja mvua ilikatika. Zamu ya mwisho ilikuwa ya Nakijwa, mjane mwenye watoto wanne, na mtama wake ulikuwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Asubuhi ya zamu yake alipita ukutani, akaliona gugu la singa limenawiri peke yake, wenzake wote wamenyauka.

"Wewe unakunywa wapi?"

"Umande, mama."

"Umande gani huo unaokuchagua wewe?"

Nakijwa akaenda kuzibua mifereji yake. Kumbe lile gugu lilikuwa limepenyeza mzizi katikati ya ukuta mpaka ndani ya bwawa, linanyonya mchana kutwa. Jua lilipofika utosini, maji yakaufuata ule mzizi, tundu likawa mlango, ukuta ukaporomoka. Maji yakaenda korongoni. Mtama ulikauka, na kitinda mimba wa Nakijwa hakuiona mvua iliyofuata.

Alipomaliza kuzika, alirudi ndivani na kisu.

"Mama, nilikuwa na kiu," gugu likasema.

"Na mwanangu alikuwa na nini?"

Akakata mizizi yote. Akachana kila jani, akalichana tena, yakabaki nyuzinyuzi. Kisha akalitupa kwenye dimbwi lililosalia.

"Ulitaka maji. Haya, kaa humo."

Na tangu siku hiyo, ukilivuta linakuja lote, bila tope, maana halina pa kushikilia. Jani limegawanyika panda, na panda tena, na linakwaruza kidole. Hata ua lake hufunguka chini ya maji. Maji linayo, tele. Lilicholipa ni ardhi, na halijarudishiwa hata kiganja kimoja.