Mheshimiwa Aliyekuwa Watu Mia

Palikuwa na mheshimiwa mmoja, Mwanjala jina lake, mwakilishi wa wadi, mwenye kitambi cha vipindi viwili. Kitambi chenyewe kilikuwa kinataka cha tatu. Ikafika siku ya kura za mchujo, ya kumpata mmoja tu wa kupeperusha bendera ya chama, na siku hiyo Mheshimiwa alidai jambo ambalo mimi, na umri wangu huu, sijapata kusikia mtu mwenye akili timamu akilidai. Alidai watu wake wahesabiwe kumi kumi.

Ngojeni, msicheke mapema. Mambo yalikuwa hivi.

Chama hakikuleta karatasi za kura, hata sanduku hakikuleta. Wakubwa wakasema basi, kura itakuwa ya mlolongo: kila mgombea na picha yake, umtakaye simama nyuma yake, uhesabiwe kichwa. Tukakusanyika uwanja wa shule ya msingi. Picha ya Mheshimiwa ikafungwa kwenye goli la upande wenye kivuli cha madarasa. Ya mpinzani wake, Mwalimu Righa, mstaafu asiye na hata baiskeli, ikafungwa goli la pili, juani. Mlolongo wa juani ukatoka golini, ukakata uwanja, ukazunguka choo cha wavulana, mkia ukatokea barabarani. Wa kivulini, lo, ungeweza kuukalisha kwenye madawati ya darasa moja na nafasi ikabaki.

Katika hao wa juani alikuwamo Mkanyika, mjane, msokota kamba za katani, mfupi wa kimo, mrefu wa ulimi. Huyu hakuja kushangilia mtu. Alikuja kwa ajili ya bomba. Bomba la maji la kijiji Mheshimiwa alikuwa amelihamishia shambani kwake likanyweshe nyanya, na Mkanyika na goti lake bovu akawa anakwenda bwawani, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na jerikeni kichwani. Mwalimu Righa alikuwa ameahidi kulirudisha. Mheshimiwa akishinda, goti lile lingebaki na miaka mitano mingine ya kutembea, na lisingefika. Nasema kweli, mimi nilimhurumia.

Msimamizi aliyetumwa na chama akapita akihesabu. Naye, kwa bahati tu, alikuwa amemwoa dada yake Mheshimiwa. Kivulini akapata arobaini na mmoja, Mheshimiwa mwenyewe akiwamo. Juani akapata mia tatu na tano.

Mwingine angekunja picha yake akaenda zake. Mheshimiwa hakutikisika. Akamwambia shemeji yake kwamba hesabu ile ni ya watoto wa chekechea. Watu wake ni watu wazito: kuna mwenye lori pale, kuna mwenye kinu cha kusaga, kuna mwenye duka la mbolea. Mmoja wao ana uzito wa watu kumi wa juani. Arobaini mara kumi ni mia nne, na mambo yamekwisha. Shemeji akaitazama karatasi, akamtazama Mheshimiwa, akamkumbuka mkewe, akaanza kuandika.

Uwanja ukanuna. Wenye damu moto wakaanza kukunja mikono ya mashati. Hapo Mkanyika akatoka mlolongoni akichechemea, akaomba aulize jambo dogo. Mheshimiwa akamruhusu, maana mtu akishajiona ameshinda huwa mpole.

"Mheshimiwa," akasema Mkanyika, "hawa arobaini ni kumi kumi, nimeelewa. Na wewe mwenyewe?"

"Mimi ni kiongozi, mama. Huwezi kunipima na mwenye kinu."

"Ndiyo maana nauliza. Nachelea wasikupunje."

Mheshimiwa akakitazama kitambi, akaona kinastahili heshima yake. "Mimi niandikeni mia."

"Bwana msimamizi, umeandika?"

"Nimeandika. Jumla mia tano."

"Umeandika kwa wino?"

"Kwa wino."

"Haya. Basi na sisi tusaidie. Sisi si wazito, lakini miguu tunayo. Tutazunguka kile choo, turudi mkiani, utuhesabu mara ya pili."

Mheshimiwa akainuka kitini kwa mara ya kwanza siku ile. Akasema huo ni wizi wa kura mchana kweupe, na yeye hatauvumilia katika wadi yake.

"Kwani kosa liko wapi, Mheshimiwa? Mara mbili tu."

"Hata mara mbili. Kanuni ya chama iko wazi, mama. Mtu akihesabiwa zaidi ya mara moja, kura yake inafutwa, na jina lake linatolewa chamani."

"Labda hiyo ni ya sisi maskini."

"Ni ya wote."

"Hata mwenye lori?"

"Hata mwenye lori."

"Hata mgombea?"

"Hata mgombea. Kanuni haina ndugu. Msimamizi, hebu msomee."

Msimamizi akafungua kijitabu cha chama, akaanza kusoma kwa sauti kubwa. Katikati ya sentensi sauti ikapungua. Alipofika mwisho wake alikuwa anasoma kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kule kivulini mwenye lori akajisogeza kando ya mlolongo, polepole, akijifanya anatafuta funguo.

Mkanyika akamgeukia Mheshimiwa kwa adabu zote, akainama kidogo kwa lile goti lililo zima.

"Basi Mheshimiwa, tuelekeze kabla wino haujakauka. Sisi wa juani ni mia tatu na tano, kila mtu na kichwa chake kimoja. Wewe tukuandike vipi: mtu mmoja kama sisi, au watu mia waliofutwa?"