Samadi ya Wakubwa

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, vyungu na majirani wambea kama wetu, paliishi binti Kindi mmoja msomi. Sikilizeni vizuri, wadogo zangu: nimesema msomi, sikusema tajiri. Alisomea kilimo miaka minne, akarudi kwao na cheti kirefu kuliko mkia wake, na mkia wa Kindi si mchezo.

Akakizungusha cheti kile pori zima. Kwa Simba akaambiwa arudi Jumatatu. Akarudi Jumatatu, akaambiwa Jumatatu ile nyingine. Kwa Chui akaulizwa kama ana experience. Kwa Fisi nafasi ilikuwepo, ila ilikuwa ya mpwa wake Fisi. Miaka mitatu, bila bila. Hasira ikamkaa Kindi kooni, ulimi ukawa wembe. Ukimwamkia asubuhi anakujibu kama mtu uliyemkanyaga.

Jirani yake, Mama Kanga, mjane mwenye vifaranga kumi na mmoja, ndiye pekee aliyemvumilia.

"Mwanangu," alimwambia siku moja, "hicho cheti hakichemshiki. Twende Mteremkoni ukatuonyeshe ulichosomea."

Mteremkoni ilikuwa ardhi iliyokufa. Zamani palikuwa na msitu, wakaja wakubwa wa pori, wakala, wakavunja, wakakanyaga, wakahamia kwingine. Mvua ikafuata ikachimba makorongo, udongo mwekundu ukashuka mtoni. Hakuna aliyepataka, na kwa kuwa hakuna aliyepataka, wadogo wakapewa. Wakaja Kanga, Panya, Fuko na Kenge. Sungura hakuja. Yeye anaishi mjini, anakula umaarufu wake wa zamani.

Kindi akawaonyesha kuchimba mitaro ya fanya juu. Unachimba ukikingama na mteremko, udongo unaurusha upande wa juu uwe tuta. Maji yakija mbio, gubu! yanajikuta mtaroni, yanatulia, yanazama taratibu. Juu ya matuta wakapanda majani ya kushika udongo, pembeni miche ya mikunazi na migunga, katikati mtama, kunde na maboga. Fuko alichimba mpaka kucha zikaisha.

Majani yakashika, miche ikashika. Lakini mtama ukatoka mwembamba kama ndevu za Mbuzi, na boga la kwanza lilikuwa kubwa sawa na kichwa cha Panya. Ardhi ilikuwa hai ila haina nguvu. Ilitaka samadi, tena samadi ya kweli. Ya Mama Kanga na wanawe, hata ukiikusanya mwezi mzima, haijazi kibuyu.

Basi Kindi akameza kiburi, akaenda kwa Mzee Faru kuomba. Mzee Faru akamwambia kwamba muungwana hagawi ovyo kitu kile, maana ndicho anachowekea mpaka. Alipokiacha, hapo ni pake. Akaenda kwa Mheshimiwa Kiboko bwawani. Mheshimiwa alicheka mpaka samaki wakakimbia, akarudi chini ya maji.

Mvua za pili zikanyesha, Mteremkoni pakawa kijani. Na kijani, wadogo zangu, kina harufu.

Asubuhi moja ardhi ikatetemeka, di, di, di, Mzee Faru huyo. Macho yake hayaoni mbali, lakini pua ilimleta mpaka kwenye tuta la juu.

"Nani kapanda majani kwenye ardhi ya babu yangu?"

"Babu yako ndiye aliyeikanyaga mpaka ikafa," akasema Kindi toka tawini. "Wakati tunaiuguza hatukuwaona ndugu wa marehemu."

"Una ulimi mrefu, binti. Mwezi ukiandama, nahamia hapa. Vitu vyenu vitoeni." Akageuka, na katika kugeuka tu, tuta la wiki nzima likalala chini.

Kesho yake akaja Mheshimiwa Kiboko. Yeye hakutukana mtu. Alitoa hotuba. Aliwashukuru wananchi kwa jitihada zao, akaeleza kwamba bwawa limepungua na familia yake inahitaji malisho, akasema mwezi ukiandama atawasili rasmi. Wakati anahutubia alitafuna kitalu kizima cha miche.

Jioni ile Mama Kanga aliwakusanya wanawe chini ya mbawa. Hakulia. Alisema tu kwamba wakifukuzwa hapa watarudi kuparua vumbi, na kwamba mwaka wa vumbi alikuwa na vifaranga kumi na sita.

Kindi alipanda mtini akakaa na hasira zake. Matusi yote aliyoyajua yalipita kichwani yakaisha, na yalipoisha kikabaki kitu kimoja kidogo: Faru hajui kama Kiboko alikuja, na Kiboko hajui kama Faru alikuja.

Akashuka kama jiwe.

Alfajiri alikwenda bwawani na kigae. Ufukweni, Kiboko alikuwa ameshaacha mzigo wake wa asubuhi. Kindi akaziba pua, akachota kigae kimoja, akakimbia nacho hadi Mteremkoni na kukimwaga kwenye mtaro wa juu. Halafu akaenda kwa Mzee Faru, safari hii kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mmeshafungasha?"

"Tumefungasha, Mzee wangu. Ila nimekuja kuuliza, maana sisi wadogo hatuelewi mambo ya wakubwa: tumpishe nani? Kule mtaroni naona Mheshimiwa Kiboko ameshaweka mpaka."

"Ameweka nini?"

"Mpaka. Mimi siyajui hayo. Mzee njoo unuse mwenyewe."

Mzee Faru akaja mbio, akainamisha pua mtaroni. Fyuu! Mashavu yakamtetemeka. Sasa jueni kwamba ukoo wa Faru una jambo lake: hawezi kupita penye mzigo wa mwenzake bila kuufunika kwa wa kwake. Hata awe anawahi msiba, atasimama. Mzee akageuza mgongo. Puu! Puu! Puu! Mtaro ukajaa hatua nne.

Kindi hakusubiri kuuangalia. Alikuwa ameshafika bwawani, anamnong'oneza Mheshimiwa kwamba Faru amejaza mtaro mzima na anasema Kiboko ni samaki tu aliyeota miguu. Hilo la samaki alilitunga njiani. Mheshimiwa akatoka majini, akapanda mteremko akihema, akafika, akazungusha mkia kama pangaboi. Pwataa! Mzigo ukaruka mpaka mtaro wa tatu.

Wakakutana pale pale, pembe kwa meno, kila mmoja akisema mpaka ni wake. Wadogo walijificha mashimoni. Wakubwa wakipigana hapa, shamba limekwisha.

"Wazee wangu," akasema Kindi, "mnataka kuvunja mila kwa ajili yetu sisi?"

Akawakumbusha sheria ya pori, ambayo ilikuwepo kweli ila wakubwa huikumbuka ikiwafaa. Ardhi yenye shauri haikanyagwi na mdai yeyote mpaka hakimu afike. Mdai anaruhusiwa kusimama mpakani tu, kuweka alama yake. Na hakimu atawauliza alama.

"Basi aitwe hakimu," Kiboko akasema.

"Leo leo," Faru akasema.

"Hakimu wa ardhi ni Kobe," Kindi akasema, "na anakaa nyuma ya mlima."

Akatumwa Njiwa. Kobe akaanza safari siku ileile, maana hakimu yule hakuwa mzembe. Ni mwendo wake tu.

Basi kila asubuhi Mzee Faru alifika mpakani, akanusa mzigo wa Kiboko, akaufunika. Kila jioni Mheshimiwa alifika, akaona mzigo wa Faru, akazungusha pangaboi. Mchana, mmoja amelala kichakani na mwingine yuko majini, wadogo walitoka na matenga. Waliichota ile samadi, wakairundika pembeni, wakaifunika kwa majani na kuimwagia maji ili ioze kwanza, maana mbichi inaunguza mizizi. Baada ya wiki kadhaa ilikuwa nyeusi, inanukia mvua. Wakaipeleka kwenye mashina. Mama Kanga alikuwa akiwaambia wanawe wakazane, kwani wanabeba heshima za wazee.

Wadai walipouliza mbona mtaro hauonekani kujaa, Kindi alijibu kwamba ardhi hii inazama sana, inataka mtu mwenye uwezo. Kesho yake kila mmoja alikula maradufu.

Mambo yalikaribia kuharibika mara moja tu. Wakati wa kiangazi, wazee wale walichoka. Kindi akawakuta wamekaa pamoja mpakani, wanaongea kwa upole. Mheshimiwa alikuwa akisema wagawane, Faru achukue juu na yeye chini, kesi waifute, wahamie kesho. Mzee Faru anatikisa kichwa kukubali.

Kindi akatupa jicho shambani. Vifaranga walikuwa kwenye kunde za juu, wanacheza.

"Hapo mmetumia busara," akasema, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu mwingine. "Nikachonge kibao cha kuweka njiani. Niandike 'Shamba la Faru na Kiboko,' au 'Shamba la Kiboko na Faru'?"

Pembe ya Mzee Faru ikainuka.

"Faru na Kiboko," akasema Mzee Faru. "Mimi mkubwa kwa umri."

"Umri si hoja," akasema Mheshimiwa. "Kinachotangulia ni cheo."

Walipokaribia kurushiana meno, Kindi alikuwa ameshaondoka. Jioni ile mtaro ulipata mzigo ambao haujawahi kupatikana.

Mvua mbili zikapita. Mtama ukasimama, masuke yamelala kwa uzito. Mikunazi ikatia kivuli, chini ya korongo kukatokea kijito chembamba ambacho hata Kenge, mzaliwa wa maeneo yale, hakuwahi kukiona. Vifaranga wote kumi na mmoja wakaota manyoya ya kiutu uzima.

Ndipo Kobe akafika. Akanywa maji, akapangusa shingo, akaita kesi.

"Wadai, nionyesheni alama zenu."

Mzee Faru akainamisha pua mtaroni, kushoto, kulia. Akanusa udongo. Akanusa kunde. Mheshimiwa Kiboko akaingiza kichwa kizima, akakitoa na ua la boga likiwa sikioni.

"Nilikuwa najaza hapa kila jioni, Hakimu! Mwaka mzima na zaidi!"

"Mimi naona maboga," akasema Kobe. "Haya maboga ni alama yako?"

Wakatazamana. Kobe akazunguka shamba lote, jambo lililochukua siku mbili na kila mtu akasubiri. Akauliza tuta ni la nani, mche ni wa nani, boga ni la nani. Mara zote Fuko, Panya, Kenge au Mama Kanga alijitokeza akaeleza lilivyotengenezwa. Mwisho Kobe akatamka kwamba alama za wadai hazipo, na alama zilizopo zina wenyewe. Kesi imekwisha.

"Kwa hiyo sisi," akasema Mheshimiwa taratibu, "tulikuwa tunawawekea sam..."

Hakumalizia. Aliteremka bwawani, akazama mpaka yakabaki masikio.

Mzee Faru hakuondoka. Kindi alikuwa na neno lake moja alilomtunzia tangu siku ile tuta lilipolala, neno kali, alilinoa kila asubuhi. Akashuka mtini kwenda kumpa.

"Binti," Faru akamtangulia, "kwangu hata jani la kusugulia pembe halipo. Mwanangu anakula miiba. Kinyesi kinakuwaje boga?"

Kindi akamtazama miguu. Ilikuwa imepasuka kwa vumbi, kama ardhi ya hapa ilivyokuwa. Lile neno likamfika mdomoni, likarudi.

"Kinaozeshwa kwanza, Mzee," akasema. "Tutaanza kwako Jumatano. Ila mtaro utachimba wewe, kwa pembe hiyo. Na kesho asubuhi usiache kupita hapa, tunataka kupanda mahindi."

Hadithi nimeimwaga shambani. Atakayeiokota na aipalilie. Na funzo lake ni hili: ardhi ni ya anayeiuguza, na mdogo ataitetea kwa akili kwa sababu kilo hana.