Jezi Iliyofunika Cherehani

Mama akiona mwanawe anasinyaa kama jani lililokosa maji, macho yake hukimbilia nje. Atamshuku jirani, atamshuku rafiki, atashuku chakula, atashuku hata upepo. Ni wachache wanaokumbuka kujitazama wenyewe. Wahenga waliliona hilo zamani wakatuachia methali isemayo, kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba anayekudhuru mara nyingi hatoki mbali. Yuko karibu nawe kama nguo na mwili, na baya zaidi, pengine anakupenda. Kina mama wenzangu, kisikilizeni kisa hiki kwa masikio yote mawili.

Palikuwa na mama mmoja mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Sebule yake ndiyo iliyokuwa karakana yake. Cherehani ilikaa karibu na dirisha, meza ya kukatia ilikaa katikati, na ukutani zilining'inia sare za shule zikingoja vifungo. Mgeni akija ilimbidi apapase kiti kwanza asije akakalia pini. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, akalala siku mbili, akaondoka. Kwa hiyo Fundi alimlea binti yao wa pekee kwa macho mawili yaliyofanya kazi ya manne.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na sita, na ule ulikuwa mwaka wake wa mtihani. Shuleni alicheza mpira wa wavu. Mpira ukipaa juu ya wavu, aliushukia kama kipanga anavyoshukia kifaranga, ndiyo maana wenzake wakamwita Kipanga. Jioni alirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope, akiimba. Alimaliza sahani ya kwanza akaomba ya pili, akamsimulia mama yake kila pigo, kisha akaoga na kufungua vitabu. Nyumba ilikuwa na kelele, lakini kelele za heri.

Muhula mmoja matokeo yakatoka. Kipanga aliyekuwa wa nne akawa wa tisa. Fundi aliikunjua karatasi ile mara tatu, kana kwamba nambari zingeona haya zikabadilika.

"Mpira!" alifoka. "Mpira ndio unaokula akili yako!"

"Mama, siku ya hesabu nilikuwa na mafua makali, pua ilikuwa..."

"Kwani hesabu unafanyia pua?"

Kipanga alitaka kucheka, akauona uso wa mama yake, akaacha. Jioni hiyo hiyo viatu vya michezo vilipanda juu ya kabati. Jezi ya bluu nayo ikawekwa mezani. Fundi akachukua wembe, akaifumua nambari sita mgongoni, uzi kwa uzi, binti akiwa amesimama palepale anatazama. Na kwa kuwa fundi hatupi kitambaa, jezi ile ikawa kifuniko cha cherehani, cha kuzuia vumbi.

"Mpaka mtihani upite," alisema. "Kazi mbaya si mchezo mwema."

Kipanga alienda chumbani akafunga mlango taratibu. Jamani, afadhali angeubamiza.

Tangu siku hiyo nyumba ilitulia kama maji ya mtungini, na Fundi akafurahi. Kila mteja aliyekuja kupimwa alisikia habari. "Binti yangu siku hizi ametulia. Shuleni, nyumbani, kitabuni. Simwoni hata dirishani!" Wateja walimpongeza, naye akavimba kichwa.

Lakini mama mwenye wasiwasi haridhiki kwa kuona, hutaka kupima. Kwa siri Fundi alilaza uzi mwekundu ndani ya kitabu kikubwa cha historia, mahali binti yake alipofikia, akijua ataufanya alama ya kusomea. Asubuhi Kipanga akienda shule na vitabu vingine, mama alikifungua kitabu kile aone uzi umesogea kurasa ngapi. Wiki ya kwanza ulisogea kurasa ishirini, Fundi akatabasamu. Wiki ya pili, kurasa tano. Wiki ya tatu uzi ulikaa ukurasa wa themanini na moja, na wiki ya nne akaukuta palepale, umelala kama umekufa.

Hapo ndipo alipoanza kuona na mengine. Sahani zilirudi jikoni zimeguswa tu. Siku za mapumziko Kipanga aliamka jua limeshapanda, na bado alisema amechoka. Akiulizwa jambo alijibu "ndiyo" kabla swali halijaisha. Siku moja sketi yake ya shule ilimpwaya, Fundi akampima kiuno. Futi ya fundi haina upendeleo. Inchi mbili zilikuwa zimepotea.

Fundi akaanza msako. Alimpa dawa ya minyoo. Akampeleka kupimwa macho, akaambiwa macho yanaona hadi ng'ambo ya barabara. Akalipekua begi la shule akitafuta barua ya mvulana, akakuta rula iliyovunjika na ganda la chungwa. Akamshuku mama wa nyumba ya pili, kwa kuwa aliwahi kusema, "Binti yako anapendeza," bila kuongeza neno la baraka. Akamkataza hata rafiki mmoja wa Kipanga aliyekuwa akija kumsalimia. Kila alichokishika hakikuwa chenyewe, na kila jioni, akimaliza kushona, aliifunika cherehani yake kwa ile jezi ya bluu.

Maji yalipomfika shingoni alimpeleka binti kwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa muuguzi wa zahanati. Damu ikapimwa, mkojo ukapimwa, kifua kikasikilizwa. Hakuna kitu.

"Wifi, mwanangu hana homa, lakini anaisha," Fundi alisema.

"Nani kakwambia kila ugonjwa una homa? Nitakuja kwenu Jumamosi. Nataka kukaa naye, si kumpima."

Jumamosi wifi alifika, akapapasa kiti, akakaa. Hakumwuliza Kipanga habari za masomo. Aliuliza, "Shangazi yako nimezeeka, eti? Niambie ukweli." Kipanga akatabasamu kwa mbali. Wakaongea mambo madogomadogo, na Fundi akajifanya anapanga vifungo, masikio yamesimama. Hatimaye wifi akauliza polepole, "Ndani yako kukoje, mwanangu?"

"Kama nguo iliyolowekwa ikasahauliwa kwenye beseni, Shangazi. Nimelowa tu. Nafungua kitabu, nasoma mstari mmoja mara kumi, hauingii. Zamani nikiwa na mawazo nilikimbia, nikaruka, tukachekana na wenzangu, yakatoka na jasho. Sasa hayana pa kutokea."

Wifi alinyanyuka, akaenda dirishani, akakishika kile kifuniko cha cherehani. Kilikuwa na alama ya nambari sita iliyofumuliwa, matundu ya sindano bado yanaonekana.

"Hii ni nguo ya nani?"

Kipanga akamtazama mama yake.

"Wifi yangu, umezunguka mji mzima unamtafuta mchawi," alisema muuguzi, "na kumbe kila jioni unamshika kwa mkono wako mwenyewe. Mwili wa mtoto ukikimbia, damu inatembea, usingizi unakuja, chakula kinatakiwa. Akiwa na wenzake, anajua hayuko peke yake. Wewe ulidhani unamwondolea mchezo, kumbe ulimwondolea dawa."

Vifungo vilimponyoka Fundi vikatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeviokota.

"Niwe mkweli," wifi aliongeza. "Asipopata nafuu mtamrudisha zahanati, kuna mshauri wa kuongea naye. Jambo hili halifichwi. Lakini tuanze na viatu."

Fundi akapanda kiti, akavishusha viatu kutoka juu ya kabati, akavipangusa kwa upindo wa gauni lake. "Chukua, mwanangu."

Kipanga alirudi nyuma hatua moja. "Sitaki, Mama. Nafasi yangu imeshajazwa. Wamenisahau."

Hapo ndipo Fundi alipoonja uchungu wa kweli. Alidhani kurudisha ni kama kushona upya: unapofumua, hapohapo unaunga. Kumbe moyo si kitambaa.

Jumatatu alipiga moyo konde akaenda shuleni kwa mwalimu wa michezo, mama mnene mwenye filimbi shingoni.

"Barua yangu ya kumwulizia Kipanga uliipata?" mwalimu alimwuliza kabla hajakaa.

Fundi akaikumbuka karatasi moja nzuri, ngumu, aliyoletewa mwezi uliopita. Hakuisoma. Aliikata ikawa kiolezo cha kola. Aliinamisha kichwa. "Niliipata, Mwalimu. Nimekosa. Naomba nafasi yake."

"Nafasi ya kwenye mechi ameichukua mwingine, na ameitolea jasho. Siwezi kumnyang'anya. Ya mazoezi haijazwi na mtu, mama. Mlete leo saa kumi."

Saa kumi Fundi alifunga kazi, akamshika binti mkono kama siku ya kwanza ya chekechea, wakaenda. Alikaa kwenye benchi, mikono yake isiyozoea kukaa bure ikisokota ncha ya mtandio. Kipanga aliingia uwanjani miguu mizito. Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili aliurukia, akachelewa, ukamtua kichwani puu!

"Jamani, Kipanga amekuwa kuku!" msichana mmoja alipiga kelele.

"Kuku mwenyewe wa mayai!" akadakia mwingine. "Mwacheni, atatutagia!"

Fundi alishika kifua. Akamwona binti yake ameinama, mabega yanatikisika, akadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na wenzake wakamwinua kwa mikono miwili. Ilikuwa miezi miwili Fundi hajakisikia kicheko kile. Alifuta macho kwa mtandio, akisingizia vumbi.

Msidhani mambo yalinyooka siku moja. Kuna siku Kipanga alikataa kwenda, na mama yake akakaa naye tu pembeni ya kitanda. Kuna siku walirudi kwa wifi. Lakini wiki baada ya wiki sahani ya kwanza iliisha, kisha ya pili, na usingizi ukarudi mahali pake. Nambari sita nayo ilirudi mgongoni mwa jezi, na cherehani ikafunikwa kwa shuka kuukuu.

Mwisho wa muhula palikuwa na mechi. Kipanga alianzia benchi, akaingizwa seti ya mwisho, akapiga mipira mitatu safi, na bado timu yao ikafungwa. Fundi alitembea nyuma yake njia nzima akitafuta maneno ya kumfariji. Hakuyahitaji. Binti alikuwa anaimba.

Nyumbani, baada ya kuoga na kula, Kipanga alikuja sebuleni akanyoosha kiganja. Ndani yake kulikuwa na uzi mwekundu.

"Uzi wako huu, Mama. Nimekimaliza kitabu."

Fundi alishtuka. "Ulijua nakupima?"

"Tangu siku ya kwanza. Nani mwingine nyumba hii ana uzi?" Kipanga alicheka, kisha sauti ikashuka. "Ulipokwama pale themanini na moja, nilikuwa nangoja uniulize."

Fundi alimvuta binti yake, wakakaa kwenye kiti kimoja, kiti ambacho hakikumtosha hata Fundi mwenyewe. Kisha akaichukua ile jezi, akaona kona ya nambari sita imeachia kwa ile miruko ya mwisho. Akautia uzi mwekundu kwenye tundu la sindano, akaishona kona hiyo kwa mkono, taratibu, kushona kwa kudumu. Uzi aliompimia mwanawe sasa ulishika nguo yake.

Mama mwenzangu, mwanao akinyamaza, usikimbilie kwa jirani kumtafuta mbaya wako. Anza na mkono wako mwenyewe, tazama umemnyima nini kwa jina la kumpenda, na umwulize mapema kabla uzi haujakwama. Fundi alitafuta mji mzima, akakipata kwenye cherehani yake. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.